Nilimpitisha mama njia ya kwa dada yake tukiwahi banda la Ziwa Nyasa

Wakuu, nawasalimu wote. Wa rika langu kama mmebaki humu, na nyinyi wajukuu ambao ndio wengi.

Haya ninayoandika yalinipata mwenyewe, sikusimuliwa. Naandika kwa kidole kimoja na macho yenyewe ndiyo haya, kwa hiyo herufi zikiruka mnivumilie.

Juzi nimeona uzi wa vijana wanapanga wikiendi ya cabin kule Matema. Wanaulizana vitanda vipo vingapi, network inashika au haishiki, nani analeta jiko la kuchomea nyama. Nikaupenda. Nikasoma comments zote.

Halafu nikaweka simu chini, nikakaa.

Mimi niliwahi kupanga safari kama hiyo, ziwa hilohilo. Ilikuwa mwaka wa hamsini na sita, Uhuru bado.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu wa middle school pale Iringa. Kijana mwenye kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Kiingereza nilikuwa nacho, mwandiko wangu ulisifiwa, na mimi nilijua kwamba unasifiwa. Hilo mlishike, maana ndilo lililoniponza.

Marehemu baba alikuwa Mhehe, fundi seremala. Ujana wake alifanya kazi Tukuyu, akamuoa mama yangu huko, Mnyakyusa wa kando ya ziwa. Akaja naye Uhehe, wakajenga upande wa Ilula.

Tangu aolewe mama hakurudi kwao hata mara moja. Miaka ishirini na minne. Si kwamba alikatazwa. Ilikuwa leo mtoto mchanga, kesho shamba, keshokutwa msiba, halafu baba mwenyewe akafariki.

Kwao alikuwa amebaki dada yake mmoja, mama mkubwa Atuganile. Wazazi walishakufa, kaka walishakufa. Barua zilikuwa zinakuja kwa mwaka mara moja, zimeandikwa na mtu wa kanisani. Mama hakujua kusoma, mimi ndiye nilikuwa namsomea. Barua zote ziliishia na swali lilelile: utakuja lini?

Basi nilipoanza kazi nikaapa. Likizo ya Juni nampeleka mama ziwani.

Hapo kama ningeishia kwenye nia hiyo, leo nisingekuwa na uzi.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa Mzungu. Siku moja akatuonyesha picha za likizo yake. Banda la mbao, limekaa karibu kabisa na maji, baraza mbele, milima imesimama nyuma yake. Ndani vitanda viwili vyenye chandarua, meza, viti vya kukunja. Alisema ni banda la serikali, unaandika barua Tukuyu, unapewa tarehe, unakuja na chakula chako.

Wakuu, lile banda liliniingia kichwani kama homa.

Nikasema mama yangu hatalala kwenye mkeka kwa watu. Atalala pale. Atakaa barazani, aletewe chai, aangalie ziwa lake kama mtu mkubwa. Na mama mkubwa tutamchukua aje kukaa nasi hapohapo, wazee wawili kwenye viti vya kukunja.

Nilipanga miezi mitatu. Wenzangu walinipa na mawazo mengine. Mmoja akasema nenda Ngozi, kule juu ya milima ya Uporoto, ziwa liko ndani ya shimo la mlima. Nikauliza, mama atapanda vipi, na tutalala wapi kwenye msitu ule? Mwingine akataja Masoko. Ziwa zuri, lakini dogo, na mama hakuzaliwa Masoko.

Nikaandika barua ya kuomba banda. Kiingereza cha kunyooka. Mimi jina langu la ubatizo ni Benjamin, na babu yangu alibatizwa Filipo. Nikasaini B. Philip.

Jibu likaja baada ya wiki tatu, limechapwa kwa mashine. Dear Mr. Philip. Banda ni lako na mama yako, siku kumi, kuanzia Ijumaa.

Nililizungusha staff room nzima. Hata mpishi wa shule aliliona.

Nikaanza kukusanya vitu. Jiko la mafuta ya taa la kuazima, taa ya chemli, blanketi nne, samaki wa kopo, majani ya chai, sukari, maziwa ya kopo. Mama alikuwa ananiangalia ninavyofunga na kufungua sanduku, anacheka. Yeye alifunga vitu viwili tu: kitenge kipya cha dada yake, na mfuko wa ulezi.

Akaniuliza, "Sasa baba, huko tunakwenda kusalimia watu au tunakwenda kuhamia?"

Nikamwambia, "Mama, safari hii utakaa kama bibi wa bwana mkubwa."

Akasema, "Haya. Mimi nimwone Atuganile tu."

Alisema hivyo, wakuu. Wazi kabisa. Mimi nikasikia kama mzaha.

Tukapanda basi Iringa alfajiri, na baridi ya Juni mnaijua. Mafinga tukashuka kunywa uji. Vumbi la huko kwingine sina haja ya kuwaeleza, lami hakuna. Jioni tukafika Mbeya, miili inauma.

Mbeya tulifikia kwa Mzee Sefu, mfanyabiashara wa nguo, mtu wa asili ya pwani. Alikuwa rafiki wa marehemu baba, milango yote ya duka lake baba ndiye aliichonga. Mke wake akatupikia, akampa mama maji ya moto ya kukandia miguu.

Asubuhi nikamwonyesha mzee barua yangu. Akavaa miwani, akasoma mpaka mwisho, akanirudishia.

"Mwalimu, hawa watu wanajua wewe ni nani?"

"Wanajua, mzee. Jina langu si hilo hapo?"

Akanitazama kidogo. "Jina nimeliona," akasema. "Haya, Mungu awatangulie."

Nilielewa alichouliza. Sitawadanganya. Nilielewa vizuri sana, nikajifanya sijaelewa.

Tukuyu tukapata lori linalokwenda ziwani kuchukua mpunga. Mama akawekwa mbele na dereva, mimi nyuma na abiria wengine juu ya magunia matupu. Ilikuwa Ijumaa yenyewe.

Tukashuka, tukashuka, joto likaanza. Migomba, michikichi, harufu ya matope. Nilikuwa namwona mama kupitia kioo cha nyuma, shingo inageuka kulia, inageuka kushoto, kama mtoto.

Baada ya Ipinda lori likachemka. Dereva akasimama mtoni kutia maji.

Mama akashuka. Palikuwa na mama mmoja anafua. Wakasalimiana Kinyakyusa, "Mugonile", mara yule mama akaacha nguo zake majini, akapiga kelele, wakakumbatiana. Walicheza pamoja utotoni.

Mama akanijia mbio. Alikuwa na miaka hamsini kasoro, lakini alikimbia.

"Baba, ni hapa! Njia ya kwa dada ni ile pale, inapanda kwenye migomba. Si mbali, hata chai ikiwa jikoni haijachemka umefika. Na huyu anasema Atuganile anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Kifua. Lakini anaongea, anakula uji. Tushuke hapa."

Nikaangalia jua. Nikaangalia mizigo yangu juu ya lori. Barua ilisema Ijumaa, na nikifika usiku nitamkuta nani wa kunifungulia? Tukilala kwa mama mkubwa, kesho si watakuwa wamempa mtu mwingine?

Nikasema, "Mama, banda tumeandikiwa leo. Twende tulipokee, tuweke mizigo. Jumapili tukitoka kanisani tunakuja kumchukua, aje augulie kwenye kitanda kizuri."

Mama akaangalia ile njia. Dereva alikuwa ameshafunga boneti, watu wa nyuma wananiangalia mimi.

Akasema taratibu, "Wewe ndiye unayejua mambo ya barua."

Akapanda mbele.

(Nimerudi wakuu, nilikwenda kumeza dawa. Na kusema kweli nilihitaji kusimama kidogo.)

Lori likatuacha kwenye soko la mpunga, tukatafuta watu wa kutubebea mizigo, tukatembea kama saa moja na nusu. Banda likaonekana. Lilikuwa vilevile kama kwenye picha, labda zuri zaidi, maana picha haikuwa na sauti ya maji.

Mlinzi wake alikuwa mzee mmoja Mnyakyusa, nitamwita Mzee Mwakalinga. Alikuwa amefagia kokoto zote, ameweka maua kwenye gilasi. Alikuwa amesimama na funguo mkononi, amevaa koti jeupe.

Akatusalimu. Halafu akaangalia nyuma yetu, njiani.

"Bwana Philip amebaki nyuma na gari?"

"Bwana Philip ni mimi, mzee."

Akacheka kwanza. Nikampa barua. Hakujua kuisoma, lakini muhuri aliujua. Uso ukabadilika.

"Mwalimu, mwanangu. Niliambiwa nitandike kwa Mzungu na mama yake. Hapa hajawahi kulala mtu mweusi. Nikikufungulia, kesho kazi sina."

Nikapandisha hasira. Nikaongea na Kiingereza, kumwongelesha mzee ambaye hakijui. Naona aibu hadi leo. Yeye akawa ananisikiliza tu.

Mwisho akasema, "Nyuma kuna jiko, na chumba changu na mke wangu. Karibuni mle na mlale. Ndani siwezi."

Mama akanigusa mkono. "Baba, jua bado lipo. Turudi kwa dada. Mimi banda nimeshaliona, ni zuri. Ndaga fijo, asante sana, umenionyesha. Twende."

Hiyo ilikuwa mara ya pili, wakuu. Mungu alinipa nafasi mara mbili ndani ya siku moja.

Nikakataa. Nikawaza staff room. Nikawaza mpishi wa shule. Nikawaza nitasema nini Iringa, kwamba nilifukuzwa mlangoni na mama yangu anaona?

Jumamosi asubuhi nikaazima baiskeli, nikaanza kupanda kurudi Tukuyu kwenda kuonana na mkubwa aliyesaini barua. Mama akaniuliza, basi yeye atangulie kwa dada yake wakati nashughulikia mambo yangu?

Nikamjibu, na maneno yangu nayakumbuka yote: "Hapana mama, kaa hapahapa na mizigo. Ukiondoka watasema tumeachia nafasi wenyewe."

Akakaa.

Tukuyu nilifika ofisi zimeshafungwa. Jumapili hakuna kazi. Jumatatu nikakaa kwenye benchi nje mpaka saa nane mchana. Aliyenipokea ni kijana wa Kizungu, umri kama wangu. Aliisoma barua yake mwenyewe mara mbili, masikio yakawa mekundu.

Nikamuuliza, sheria inayonizuia iko wapi? Akasema sheria iliyoandikwa haipo, ni mazoea tu. Nikamwambia basi mimi nimekuja na barua, na mazoea hayana muhuri.

Sentensi hiyo niliipenda sana. Niliisimulia miaka mingi kwenye vikao vya walimu, watu wakipiga makofi. Sikuwahi kuwasimulia iliyobaki.

Akaandika barua nyingine: mlinzi awafungulie. Akaniomba na radhi.

Jumanne jioni nikafika ziwani. Mzee Mwakalinga alipousikiliza ujumbe alifungua mlango kwa furaha ya kweli, anapiga makofi, anamwita mke wake aje aone.

Mama akaingia. Akagusa godoro kwa kiganja, akagusa chandarua. Akatoka, akakaa kwenye kiti cha baraza. Nikamchemshia chai kwa jiko langu, maziwa ya kopo, sukari tele.

Akanywa. Akasema, "Umefanya kazi kubwa, baba." Lakini alikuwa haangalii ziwa. Alikuwa anaangalia upande tuliotokea.

Jumatano asubuhi tukaenda kwa mama mkubwa.

Kabla hatujafika tuliona watu wengi uani, wamekaa kimya. Akatoka dada mmoja anaitwa Tumpe, binti wa mama mkubwa, mimi na yeye tulikuwa hatujawahi kuonana. Akamshika mama magoti, akalia.

"Mama, mbona mmechelewa? Tangu juzi mchana hasemi."

Juzi, yaani Jumatatu. Mimi nikiwa kwenye benchi.

Tumpe akatueleza. Yule mama wa mtoni alipanda siku ileile ya Ijumaa kuwapa habari. Mama mkubwa aliposikia mdogo wake amepita na lori, alikaa mwenyewe kitandani. Akasema atolewe nje. Jumamosi walimtandikia mkeka uani, akashinda anaangalia njia. Alikuwa anaongea, anawatania, anasema mdogo wangu alikuwa mvivu wa kutwanga, mtaona akija. Jumapili tena akatolewa. Jioni akauliza, "Mna hakika alikuwa yeye?"

Jumatatu hakuwa na nguvu ya kutoka.

Mama hakuniangalia. Aliingia ndani, akakaa chini, akauchukua mkono wa dada yake akauweka mapajani. Akaanza kuongea naye Kinyakyusa, polepole, anamweleza watoto wake, Ilula, shamba lake la nyanya, mume wake alivyokufa. Miaka ishirini na minne yote. Mama mkubwa alifungua macho mara mbili. Tumpe anasema alimtambua. Mimi sijui. Neno hakusema.

Alifariki Alhamisi mchana. Kitenge kipya tulichomletea ndicho alichofungiwa akazikwa nacho.

Tulimzika, nikakaa siku mbili, likizo ikawa inaisha. Mama akabaki msibani. Mimi nikarudi ziwani kuchukua mizigo. Banda lilikuwa bado langu kwa hesabu ya barua. Mzee Mwakalinga akaniambia pole, akasema lala basi hata leo, mwalimu, ni haki yako.

Nikamwachia blanketi na samaki wote wa kopo. Sikuingia.

Mama alirudi Iringa baada ya mavuno ya mpunga. Akaishi nasi miaka mingi, akaona Uhuru, akalea watoto wangu. Hakuwahi kunilaumu hata kwa mafumbo. Hilo ndilo gumu. Angenigombeza siku moja, pengine ningelala vizuri.

Nimeona kuna mtu hapo chini tayari ameandika kwamba kosa si langu, ni la mkoloni na ubaguzi wake. Mkuu, nakushukuru, najua unanitakia mema. Na ni kweli mlango ule ulifungwa kwa ubaguzi, na kuudai ufunguliwe sikukosea, ningerudi leo ningedai tena.

Lakini pale mtoni hapakuwa na Mzungu. Palikuwa na mimi.

Na Jumamosi aliyemwambia mama akae na mizigo si mkoloni. Vita ilikuwa yangu, gharama nikampa mama alipe. Kumwacha ashuke kusingenipunguzia haki yangu hata chembe. Ningeweza kwenda Tukuyu kugombana nikitaka, na yeye angekuwa uani kwa dada yake, anatwanga, anachekwa.

Mara moja tu nilipata ujasiri wa kumwomba msamaha. Alikuwa ameshazeeka, tumekaa Ilula tunachambua maharage. Nikamwambia, mama, lile jambo la Ziwa Nyasa, nisamehe.

Akaendelea kuchambua. Nikadhani hakusikia.

Halafu akasema, "Nilishakusamehe kwenye lori, baba. Ulikuwa mtoto." Akatoa kijiwe kwenye maharage, akakitupa. "Ila kuna jina alikuwa ananiita utotoni. Wote waliokuwa wanalijua walishakufa, alibaki yeye. Nilitaka kulisikia mara moja tu."

Nikamuuliza ni jina gani.

Akatikisa kichwa. Akasema, "Si jina la kujiita mwenyewe."

Hakunitajia mpaka alipofariki.

Wajukuu mnaopanga cabin, nendeni. Ziwa lile ni zuri kweli, pelekeni wazazi wenu, wekeni booking mapema, bebeni kila kitu. Ila mzazi akikwambia njiani "tushuke hapa", shuka. Booking ikipotea ipotee.

Wenye ndugu upande wa Ipinda na Matema, na wenye yenu ya kusema, semeni. Hata wa kunisuta karibuni. Nasoma polepole, lakini nasoma yote.